Tuvalu wanakodisha bahari kwa siku, nasi tuige

Kwa maisha ya kila siku, Unguja na Pemba zinaishinda Tuvalu kwa mbali. Maji, chakula, usafiri, hata kumtumia mama pesa, kwetu ni rahisi zaidi. Nalisema mapema kwa sababu wengi walioko nyumbani hudhani kila nchi ya ng'ambo ni neema. Lakini kuna jambo moja ambalo nchi hii ya watu wasiofika hata 12,000 inalifanya vizuri kuliko sisi: inajua bahari yake ina thamani gani, na imejifunga kwa kanuni kuhusu pesa inayotoka humo.

Tuvalu ni visiwa tisa vya matumbawe katikati ya Pasifiki, kaskazini ya Fiji. Ardhi yote ikikusanywa ni kilomita za mraba 26. Unguja peke yake ni zaidi ya mara 60 ya hapo. Sehemu ya juu kabisa haifiki mita 5 kutoka usawa wa bahari. Zaidi ya nusu ya wananchi wamejazana Funafuti, wengi wao katika kisiwa cha Fongafale, ambacho pana pake ni kama mita 400 na kwembamba ni kama 20. Kipande kikubwa cha ardhi hiyo kimechukuliwa na uwanja wa ndege uliojengwa na Wamarekani mwaka 1943. Jioni vijana huchezea mpira humo humo, na ndege ikikaribia king'ora hulia ili watu watoke.

Maji ndiyo shida ya kwanza. Hakuna mto, na maji ya chini ya ardhi Funafuti yana chumvi na uchafu wa vyoo. Kwa hiyo kila nyumba hukinga mvua ya paa, na karibu kila nyumba ina tangi la plastiki, mengi yakiwa ya lita 10,000. Hesabu yake ni hii: paa la mita za mraba 60 likipata milimita 10 za mvua, yanashuka lita 600, ondoa kama sehemu moja kwa tano inayomwagika na kukauka. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku, inamaliza tangi lililojaa kwa siku 33. Mvua ya Funafuti hupita milimita 3,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Unguja, kwa hiyo mwaka wa kawaida haisumbui. Balaa huja mvua inapokatika kwa miezi. Mwaka 2011, La Niña (ile hali ya hewa ya Pasifiki iliyo kinyume cha El Niño) ilipokausha mawingu, serikali ilitangaza hali ya hatari mwishoni mwa Septemba na maji yakagawiwa ndoo mbili kwa kaya, yaani lita 40 kwa siku. Mara nyingi kinachoharibika ni vitu vidogo: gata limelegea katikati na maji yanamwagika kabla ya kufika kwenye bomba, mdomo wa tangi hauna wavu na mbu wamezaa ndani, au lita 20 hadi 30 za mwanzo baada ya kiangazi hazikumwagwa, zikaingia na kinyesi cha ndege na chumvi ya upepo. Kwetu masika yote huachwa yapotelee mitaroni kwa kuwa kisima kipo, ilhali visima vya ufukweni navyo hupanda chumvi vikivutwa kupita kiasi. Gata na tangi si jambo la kusubiri ukame.

Chakula cha asili ni pulaka, jamii ya majimbi makubwa yanayopandwa katika mashimo yaliyochimbwa mpaka kukutana na maji baridi yanayoelea juu ya yale ya chumvi. Bahari ikipanda, chumvi huingia kwa chini na mizizi huoza. Mashimo mengi yameachwa. Badala yake kuna mchele, unga wa ngano, sukari na nyama ya kopo, vyote kwa meli. Meli ikichelewa, rafu za duka hubaki tupu. Kisukari kimeenea mno. Kitu kimoja ambacho mtu wa Pemba angekitambua papo hapo ni ugema: karara la mnazi hufungwa, ncha yake hukatwa kipande chembamba asubuhi na jioni, na tembo hunywewa bichi, hata na watoto, au huchemshwa mpaka likawa asali ya tembo. Kwetu ugema unatajwa kwa ulevi tu, na hiyo ni hasara.

Kuhusu pesa, mpaka Aprili 2025 nchi nzima haikuwa na mashine hata moja ya kutolea fedha. Sarafu ni dola ya Australia, na anayekuja abebe noti. Aliyezoea kulipa dagaa kwa simu Darajani atajiona amerudi nyuma miaka ishirini.

Vijana wanaondoka, kama wa kwetu wanavyokwenda Dar, Muscat na Dubai. Tofauti ni kwamba wao wana mkataba. Mkataba wa Falepili na Australia ulianza kutumika Agosti 2024, na unatoa nafasi 280 kila mwaka kwa bahati nasibu. Mwombaji awe ametimiza miaka 18. Hahitaji kuwa na ajira mkononi, na anaruhusiwa kurudi nyumbani na kutoka tena apendavyo. Katika duru ya kwanza, mwaka 2025, waliojiandikisha pamoja na familia zao walikuwa zaidi ya nusu ya taifa. Kwa mhamaji ni heshima kubwa kuondoka kwa karatasi zinazompa haki ya kazi, shule na matibabu, na mabinti zetu wanaokwenda kufanya kazi za ndani Ghuba wangestahili mkataba wa namna hiyo. Kwa nchi inayobaki, ni hatari: bahati nasibu haichagui, inaweza kumchukua muuguzi wa kisiwa kizima.

Serikali yao ni ndogo kama nchi yenyewe. Mfalme Charles ndiye mkuu wa dola, akiwakilishwa na Gavana Mkuu. Bunge lina wabunge 16, wawili kutoka kila kisiwa. Niulakita, cha tisa, huhesabiwa pamoja na Niutao. Vyama vya siasa havipo. Waziri Mkuu huchaguliwa na wabunge wenyewe. Feleti Teo alishika nafasi hiyo Februari 2024 baada ya Kausea Natano kupoteza kiti chake katika uchaguzi wa Januari. Ubaya wake uko katika hesabu: wabunge wawili wakihama upande, serikali inaweza kuanguka. Mwaka 2013 mvutano ulifika mahali Gavana Mkuu akamwondoa Waziri Mkuu Willy Telavi. Sisifii hilo. Ninachokisifu ni ngazi ya chini. Kwa sheria ya 1997, kila kisiwa kina falekaupule, baraza la wakubwa wa kisiwa, ambalo bajeti ya halmashauri hupita mbele yake na wananchi wakisikia. Zanzibar sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na mtaa hauna pa kumwuliza matumizi.

Sasa bahari. Eneo la bahari la Tuvalu linazidi kilomita za mraba 700,000, takriban mara tatu ya lile la Tanzania, ambalo ni kama 223,000. Humo wanapita sehewa na jodari, na meli za Asia na Marekani huwafuata kwa nyavu kubwa za kuzungusha. Zamani nchi za ukanda huo zililipwa asilimia ndogo ya thamani ya samaki, na aliyetaja thamani hiyo alikuwa mwenye meli. Wote wanaojua uvuvi wanajua alitaja nini.

Nchi nane, Tuvalu ikiwemo, zimo katika makubaliano ya pamoja yaliyoanza 1982, Makubaliano ya Nauru. Kuanzia mwishoni mwa 2007 zikaanza kuuza siku. Kila mwaka hukaa pamoja, hupanga jumla ya siku ambazo meli zote zitaruhusiwa kuvua, hugawana, kisha kila nchi huuza zake kwa bei isiyopungua kiwango walichokubaliana: dola 5,000 za Marekani mwaka 2012, na 8,000 kuanzia 2015. Kwa kila siku ya kuvua, meli yenye urefu chini ya mita 50 hukatwa nusu siku, ya mita 50 hadi 80 siku nzima, na inayozidi 80 siku moja na nusu. Kifaa cha setilaiti huonyesha meli iko wapi, na tangu 2010 kila meli ya nyavu za kuzungusha sharti ibebe mwangalizi. Anayepata samaki siku hiyo na anayekosa wote wamelipa. Mapato ya pamoja yalitoka takriban dola milioni 60 mwaka 2010 mpaka karibu milioni 500 katika miaka isiyofika kumi.

Mapungufu yapo. Wenye meli hudai siku fulani hawakuvua, eti mtambo uliharibika, na mabishano hayo huchukua muda. Samaki nao huhama: mwaka wa El Niño husogea mashariki, upande wa Tuvalu na Kiribati, na La Niña huwarudisha magharibi, kuelekea Papua New Guinea. Ndiyo maana sheria inaruhusu nchi kuuziana siku.

Kwa kuwa mapato yanapanda na kushuka, mfuko wa akiba una maana. Mfuko wa Amana wa Tuvalu ulianzishwa 1987 kwa kama dola milioni 27 za Australia, zilizotolewa na Australia, New Zealand, Uingereza na Tuvalu wenyewe. Una akaunti mbili. Ya kwanza ni mtaji, na thamani yake lazima ilindwe dhidi ya mfumuko wa bei wa Australia. Faida inayozidi hapo tu ndiyo huhamia akaunti ya pili, ambayo serikali inaweza kuitumia. Mwaka ambao masoko yameanguka, hakuna kinachohamia, hata waziri alie vipi. Mtaji sasa umepita milioni 150. Mapato ya anwani za intaneti zinazoishia .tv, herufi walizopewa Tuvalu, pia huingia serikalini, lakini ile ni bahati ya herufi mbili, hatuwezi kuiga.

Kwetu mwaka 2009 ilikamatwa meli ya Tawariq 1 na karibu tani 300 za samaki, wale walioitwa samaki wa Magufuli. Kesi ilikwenda miaka, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu. Kukamata meli moja kwa kishindo hakuwezi kuchukua nafasi ya setilaiti na mwangalizi katika kila meli. Tuna mamlaka ya uvuvi wa bahari kuu pale Fumba, na tangu 2020 Zanzibar ina wizara ya uchumi wa buluu. Leseni tunazitoa wenyewe, peke yetu, na meli ikiona bei yetu kali inahamia Msumbiji au Komoro, samaki wale wale. Nchi nane za Pasifiki zilifanikiwa kwa sababu zilikataa kushindanishwa, na zikaweka sharti kwamba meli yenye leseni yao isivue katika mifuko ya bahari huru iliyo kati yao. Bahari ya Hindi ni ngumu zaidi, kwani samaki wengi huvuliwa mbali na mipaka ya nchi yoyote. Hata hivyo meli za Hispania na Ufaransa zinahitaji bandari na kiwanda, na vyote viwili viko Victoria, Shelisheli. Tanzania ikitaka kuuza siku pamoja na majirani, ujumbe wa kwanza upelekwe huko, na hesabu za siku ziwe tayari mkononi.