Masikio Yangu Yana Kosa Gani?

Picha yangu ya pasipoti imekataliwa tena. Mara ya tatu! Kwanza masikio hayaonekani. Halafu eti nimetabasamu. Jana sasa, kuna kivuli nyuma yangu. Kivuli jamani, nilikiita mimi? Na jamaa wa studio kila safari ananivalisha lile koti la kuazima, lina jasho la mtaa mzima.

Yote kisa mpwa wangu aliyeko Leicester, Uingereza, kanialika harusi.

Nimerudi nyumbani nimenuna, nikashika simu kusoma habari za hao Waingereza. Bora nisingesoma. Kumbe picha kwenye pasi zao waliianza 1915, vita vimepamba moto. Kabla ya hapo ni karatasi tu, haina sura ya mtu. Na karatasi yenyewe mpaka 1858 iliandikwa Kifaransa! Pasi ya Mwingereza! Mimi nimekosea herufi moja kwenye jina la babu, nikaambiwa nijaze upya.

Leicester hiyohiyo, mwaka 1841, bwana mmoja aitwaye Thomas Cook alipakia watu kama 500 kwenye treni mpaka Loughborough, shilingi moja kichwa, wakahudhurie mkutano wa kupinga pombe. Ndiyo, utalii wao uliasisiwa na wasiokunywa. Nenda hoteli za ufukweni leo ukaone wajukuu. Mwaka 1863 akawapeleka Uswisi, akina mama wanapanda milima na magauni ya kufagia barabara. Wakati huo Ufaransa ilishaacha kuwadai pasi, wanapita kama wanakwenda Kariakoo.

Tusiwaonee lakini. Aliyetaka pasi kwao alitafuta mwenye benki, hakimu au mchungaji amdhamini. Mimi benki yangu ni Mangi wa dukani, na taarifa ya miezi sita anayo: daftari la madeni.

Aliyenikosha ni bwana mmoja wa 1915. Fomu ilitaka aeleze uso wake, akajaza "wenye akili". Pasi ikarudi imeandikwa uso wa yai! Akalalamika mpaka gazeti la Times. Huyo ndugu yangu kabisa.

Nikamsomea Mama Zuhura. Nikamwambia, wakiniuliza na mimi uso wangu ukoje, nitajaza hivyohivyo, wenye akili.

Akanitazama kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Baba Zuhura, kajaze ukweli. Watakukamata uwanja wa ndege."