Mshindi Ashinde kwa Kura Ngapi?

Desemba 1992, Daniel arap Moi alirudi Ikulu ya Nairobi kwa takriban asilimia 36 ya kura. Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga, kila mmoja na chama chake, walizoa kwa pamoja zaidi ya asilimia 60. Dosari za uchaguzi ule zilikuwa nyingi. Lakini hata kama kila kura ingehesabiwa kwa uaminifu, sheria ilimpa ushindi yeyote aliyewatangulia wenzake, mradi apate robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane.

Katiba ya 2010 iliziba mwanya huo: rais wa Kenya sharti apate zaidi ya nusu ya kura, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Asipopatikana, wawili wa kwanza warudi debeni ndani ya siku 30. Nchi nyingine za ukanda huu zilikwenda kinyume. Tanzania iliacha sharti la nusu mwaka 2000, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuta duru ya pili Januari 2011, miezi kumi kabla ya uchaguzi.

Hoja za Kongo hazistahili kubezwa. Kusafirisha masanduku mara mbili katika nchi kubwa yenye barabara chache ni gharama nzito. Tena Agosti 2006, matokeo ya duru ya kwanza yalipotangazwa, walinzi wa Joseph Kabila na wa Jean-Pierre Bemba walipigana kwa risasi Kinshasa. Ila tazama kilichofuata: katika uchaguzi wa Desemba 2018 Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57, na Martin Fayulu akayapinga matokeo hayo. Rais anayeanza kazi hivyo ana deni la uhalali tangu siku ya kwanza.

Watetezi wa duru moja husema pia kwamba ugumu wake huwafundisha wapinzani kuungana. Ni kweli, 2002 Raila Odinga alitamka "Kibaki tosha", upinzani ukaungana nyuma ya Kibaki, naye akapita kwa zaidi ya asilimia 60. Lakini funzo hilo liligharimu miaka kumi na kushindwa mara mbili, na aliyemchagua mgombea wa pamoja ni mkutano wa vigogo, si mpiga kura.

Wapo wanaopendekeza njia ya Australia na Ireland: mpiga kura awapange wagombea, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa mwisho akiondolewa, kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata. Kwa haki, naiona bora kuliko duru mbili, kwani siku moja inatosha. Kinachonitia wasiwasi ni kuhesabu. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na vituo 46,229, na imani ya watu ilisimama juu ya Fomu 34A, inayojazwa kituoni, ikatiwa saini na mawakala na kubandikwa mlangoni. Mwananchi yeyote angeweza kujumlisha fomu hizo mwenyewe. Kura za kupangwa hazijumlishwi hivyo. Kituo hakijui nani ataondolewa mpaka hesabu ya nchi nzima ikamilike, kwa hiyo ama kila kituo kingoje amri ya makao makuu kila mgombea anapoondolewa, ama mipangilio yote ipelekwe kwenye kompyuta ya makao makuu. Katika nchi ambayo seva imekuwa kiini cha kesi za uchaguzi, hiyo ni hatari ambayo mimi nisingeichukua.

Ipo njia isiyozungumzwa sana: tia alama kwa kila mgombea unayemkubali, mwenye alama nyingi ashinde. Wapinzani watatu hawagawanyiani kura, na jumla ya kituo inabaki jumla ya kituo. Udhaifu wake ni kwamba mfuasi sugu atatia alama moja tu ili asimsaidie mpinzani wa mtu wake. Wakifanya hivyo wote, tumerudi 1992.

Kwa urais, basi, ningebaki na nusu na duru ya pili, gharama zake zote zikiwemo. Kwingine kuna nafasi ya kujaribu. Magavana bado wanachaguliwa kwa wingi tu, na mchujo wa vyama, ambapo wagombea wanane hugombania tiketi moja, unaweza kumpa mtu ushindi kwa robo ya kura. Kanuni za mchujo hutungwa na vyama vyenyewe. Chama kinaweza kuanza kutia alama nyingi katika mchujo ujao bila kugusa Katiba.