Usiniambie Unajua Kompyuta, Niambie Umefanya Nini Nayo

Karibu kila barua ya kuomba kazi inayopita mikononi mwangu hapa Kisumu ina mstari huu mahali fulani karibu na mwisho: "Nina ujuzi mzuri wa kompyuta." Aliyemaliza chuo juzi anauandika. Karani aliyezeeka ofisini anauandika. Hata yule ambaye barua yenyewe amechapiwa na mtu wa saiba, kile kibanda cha kulipia kompyuta na intaneti, anauandika. Sisemi wanadanganya, wengi wao wanauamini kwa moyo wote, na ndiyo maana nimeona nilizungumzie jambo hili. Mstari huo haumwambii mwajiri chochote, na kwa maoni yangu haumwambii chochote hata aliyeuandika.

Ninafundisha kompyuta jioni. Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima: walimu, wauguzi, waweka hazina wa vyama, wenye maduka. Siku ya kwanza huwaomba wajipe alama wenyewe, kutoka sifuri hadi kumi, halafu nawapa kazi ya kufanya. Nimeshafundisha kwa muda wa kutosha kusema bila kusita kwamba alama mtu anayojipa na kazi anayoweza kuifanya ni vitu viwili ambavyo mara nyingi havijuani. Tena wanaokosea hawakosei upande mmoja. Wapo wanaojipandisha, wapo wanaojishusha, na hawa wa pili ndio wanaoniuma zaidi.

Wanaojipandisha aghalabu wana cheti cha pakeji. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa. Kijana akimaliza kidato cha nne, anaposubiri matokeo ya KCSE au nafasi ya chuo, mzazi humpeleka mjini, iwe Kakamega, Luanda, Nakuru au hapa kwetu, akasome Word, Excel, Access, PowerPoint, Publisher, intaneti na baruapepe. Baada ya wiki chache anapata cheti chenye mhuri. Sina ugomvi na kozi hizo. Zimewafikisha mbele ya kompyuta vijana ambao shuleni kwao hapakuwa na stima, sembuse maabara. Kinachonisumbua ni jinsi wanavyopimwa. Mwanafunzi ananakili daftarini vizazi vya kompyuta, anakariri tofauti ya RAM na ROM, kisha anaonyeshwa pa kubonyeza. Mtihani unamrudisha palepale alipoonyeshwa. Akipita, anatoka akiamini kwamba anajua Excel.

Sasa mpe orodha ya wanachama wa chama: majina, nambari za simu, michango ya mwezi. Mwambie atafute jumla. Nimeona, tena si mara moja, mwenye cheti akitoa simu mfukoni, akafungua kikokotoo, akajumlisha mchango mmoja baada ya mwingine, kisha akaliandika jibu kwa mkono katika seli ya mwisho. Jedwali linapendeza, kichwa kimetiwa rangi, mistari imenyooka. Ila ukibadilisha mchango wa mtu mmoja, jumla inabaki ilivyokuwa, kwa sababu Excel haikujumlisha kitu, iliandikiwa tu. Mtazame tena anapoingiza nambari za simu. 0722 inageuka kuwa 722. Anarudisha sifuri, anabonyeza Enter, sifuri inapotea. Anairudisha tena, inapotea tena, na hapo anaanza kuilaumu mashine. Mwenye kuelewa anajua kwamba programu imeichukua nambari ya simu kuwa hesabu, na hesabu haina haja ya sifuri mbele. Ataiambia safu nzima ipokee maandishi kabla hajaanza kuchapa, na mambo yataisha hapo. Vyeti vya watu hawa wawili vinaweza kufanana neno kwa neno.

Wala tusidhani ni udhaifu wetu peke yetu. Mwaka 1999 wanasaikolojia David Dunning na Justin Kruger wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapima wanafunzi katika mambo kama mantiki na sarufi, kisha wakawauliza wanadhani wamefanyaje. Walioshika robo ya chini walikuwa, kwa wastani, wamewashinda watu 12 tu kati ya 100. Wao wenyewe walikadiria kuwa wamewashinda 62. Wataalamu wa takwimu wamebishana tangu wakati huo kuhusu sehemu gani ya pengo hilo inatokana na hesabu zenyewe, na ubishi wao una msingi. Lakini kuhusu kompyuta kuna vipimo vya moja kwa moja. Nchini Austria, mwaka 2014, asilimia 94 ya waliohojiwa walisema ujuzi wao ni wa wastani au zaidi. Walipokalishwa mtihani, waliofikia kiwango hicho walikuwa asilimia 39. Nalo OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo la nchi nyingi tajiri, katika utafiti wake wa stadi za watu wazima ulioanza 2011, liliwapa watu wa miaka 16 hadi 65 kazi halisi za kufanya kwenye kompyuta. Moja ya kazi ngumu ilikuwa kusoma maombi yaliyotawanyika katika baruapepe kadhaa, kisha kugawa vyumba vya mikutano bila kugonganisha saa. Waliofika ngazi ya juu kabisa walikuwa takriban mtu mmoja kati ya 20. Kenya haikuwamo, hao ni watu wa Japani, Ujerumani, Marekani na nchi nyingine ambako kompyuta si kitu cha kusafiria kwenda kukiona.

Sababu haiko mbali. Ili uone kwamba kazi yako ina kasoro, unahitaji ujuzi uleule uliokosekana ulipoifanya. Asiyejua kwamba fomula hujikokotoa yenyewe hawezi kuona kwamba ameikosa. Halafu kuna suala la tunajilinganisha na nani. Kijijini, anayeweza kutuma baruapepe yenye kiambatisho huitwa mtaalamu, na akiitwa hivyo muda mrefu ataamini.

Lakini nataka kusimama kidogo kwa wale wengine, wanaojishusha.

Mwanafunzi wangu mmoja anafanya kazi ya saiba Kondele, hapahapa Kisumu. Alijipa alama mbili kati ya kumi. "Mwalimu, mimi sijui kompyuta," akaniambia, "mimi ni wa saiba tu." Siku moja nilipita pale jioni, kibanda kimejaa, na mbele yake kulikuwa na muuguzi mwenye vyeti vya kupakia kwenye tovuti ya ajira kabla ya saa sita usiku. Tovuti ilikataa faili. Maandishi mekundu yalitokea, na muuguzi akaanza kulalamika kwamba mtandao ni mbovu. Yule dada aliyasoma. Nalisisitiza hilo kwa sababu karibu hakuna mtu anayeyasoma. Yalisema faili ni kubwa kupita kiasi. Akaskani upya kurasa zote kwa ubora wa chini kidogo, bila rangi, akaziunganisha ziwe faili moja, akaangalia ukubwa wake kabla ya kupakia, akaondoa nafasi na alama zilizokuwa kwenye jina la faili kwa kuwa aliwahi kuona tovuti ileile ikizikataa. Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho alijitumia nakala kwa baruapepe. "Stima zikipotea hatuanzi upya, madam," akamwambia mteja.

Hakuna aliyemfundisha hata moja ya hatua hizo. Alizipata kwa kujaribu, kwa kusoma anachoambiwa na mashine, na kwa kukumbuka. Huo ndio ujuzi wenyewe, tena wa kiwango ambacho wengi wenye vyeti hawajakifikia. Hata hivyo shule moja ilipotangaza kazi ya ukarani, hakuomba, kwa sababu tangazo lilitaka cheti cha pakeji. Alijitoa mapema kwenye kazi ambayo angeifanya vizuri, na shule haitajua kamwe ilichokosa.

Kwa nini anajishusha? Nadhani ni kwa sababu kila siku anakutana na asichokijua. Wateja wanamletea tovuti mpya, fomu mpya, simu zilizojifunga. Anauona ukubwa wa jambo. Aliyesoma pakeji sita akafunga daftari anaona ukuta, akadhani dunia imeishia hapo.

Vijana wa simu nitawapitia haraka. Tunawaita kizazi cha kidijitali, na kweli vidole vyao vina kasi. Mkalishe mbele ya kompyuta umuulize kazi aliyohifadhi iko wapi. "Iko kwa Word." Word haihifadhi kitu; faili liko kwenye folda fulani, kwenye diski au flashi fulani, na asiyejua folda ipi atalitafuta siku atakapolihitaji kwa haraka. Wepesi wa simu ni kitu kizuri, lakini usihesabiwe kuwa kitu kingine.

Ukinitaka nikusaidie kujipima, sitakuuliza majina ya programu. Nitataka kujua kama unaweza kunionyesha mahali faili lako lilipo, ulihamishe, na ulifungue kwenye mashine nyingine. Nitataka kuona unafanya nini cha kwanza mashine inapokukatalia: unasoma ujumbe, unabonyeza ovyo, au unaita mtu? Kuita mtu si aibu, ila kama ndilo jambo la kwanza kila mara, jiweke ngazi ya mwanzo bila kujionea haya, kisha anza kusoma zile herufi nyekundu. Nitakupa kazi ambayo hukuonyeshwa, nione kama unaweza kutoka na ulichonacho ukafika usipopajua. Na kubwa kuliko yote, nitakupa jibu lenye kosa: jumla ya michango ya watu wote ambayo ni ndogo kuliko mchango wa mtu mmoja. Ukilipita bila kushtuka, hata kama mikono yako ina kasi namna gani, bado.

Kuna na usalama, ambao sijaona ukitahiniwa katika pakeji zetu. Umoja wa Ulaya una mfumo unaoitwa DigComp, uliotolewa mara ya kwanza 2013, unaogawa ujuzi wa kidijitali katika maeneo matano, na mawili kati ya hayo ni usalama na kutatua matatizo. Huku kwetu, tangu eCitizen ilipoanza mwaka 2014 na huduma za serikali zikaendelea kuhamia huko, wazee wetu wengi wameacha nenosiri lao kwenye daftari la kaunta la saiba, limeandikwa kwa kalamu kando ya jina na nambari ya kitambulisho, kila anayeegemea kaunta akiliona. Mzee huyohuyo anatumia M-Pesa kila siku na hamwambii mtu PIN yake, hata mwanawe. Anaelewa siri ni nini. Kilichomfanya aache nenosiri ni imani kwamba mambo ya kompyuta si ya kiwango chake, kwa hiyo hakuwahi hata kuuliza jinsi ya kulibadilisha. Kujishusha kuna gharama pia, na wakati mwingine inakuja kama ankara ya mkopo ambao hukuuomba.

Waajiri wana la kufanya, na si la gharama. Mkuu wa shule moja ya hapa karibu aliniomba nimsaidie kuchuja waombaji wa ukarani, nikamtungia jaribio la nusu saa ambalo yeyote anaweza kulichukua. Orodha ya wanafunzi 40 na karo waliyolipa, majina mawili yakiwa yamejirudia kwa tahajia tofauti, na jumla moja imeandikwa kwa mkono badala ya fomula. Barua kwa wazazi, itolewe kama PDF na ipewe jina ambalo mtu mwingine atalielewa mwaka ujao. Faili moja limefichwa ndani ya folda isiyotarajiwa, mwombaji aambiwe jina lake tu. Intaneti iko wazi, kuuliza mtandao ruhusa, kwa sababu kazini pia ni ruhusa. Msimamizi akae nyuma, asiangalie jibu peke yake, aangalie pia mtu anafanya nini anapokwama. Vyeti visomwe baadaye, wakati wa kujaza faili la mfanyakazi.