Hilux ya kabureta haitaki plagi za bei kubwa, inataka plagi yake

Hili jambo linaniuma kweli jamani. Mtu ana Hilux yake ya zamani, injini 22R ya petroli, kabureta na distributa kama ilivyotoka Japani, anafika dukani anauziwa plagi za iridiamu eti gari itapata nguvu, anatoa hela ya maana afu wiki mbili mbele inamisi vilevile, yaani silinda nyingine haziwaki sawasawa, maana koili inayotoa umeme wa cheche imechoka na waya za plagi zimepasuka, sasa plagi ingefanya nini? Iridiamu sio mbaya, inadumu sana, ila injini inayokula oili itaichafua kama nyingine yoyote. 22R inataka plagi ya kawaida, ya shaba ndani na ncha ya nikeli, NGK ni BPR5EY, Denso ni W16EXR-U, gepu (nafasi ya cheche kwenye ncha) 0.8 mm, na gepu upime hata kama plagi ni mpya.

Watu wanapotelea kwenye namba. Ile 5 ya BPR5EY inaonyesha joto la plagi. Kwa NGK na Denso namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, yaani inatoa joto haraka kwenda kwenye silinda hedi, ila kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba ikipanda ndo ya moto. Kwa hiyo muuzaji akikwambia chukua hii ya 7 zote ni sawa, kataa. Ya baridi mno kwenye gari ya kuzunguka sokoni inajaa masizi, ya moto mno ukiwa na mzigo unapanda mlima Kitonga inaweza kukutobolea pistoni.

Pikapu ya mjomba ilikuwa inamisi kila asubuhi na moshi wa bluu juu, fundi kabadilisha plagi mara tatu, kila mara seti nzima, na zile alizotoa anatupa bila hata kuziangalia! Mara ya nne nikaomba nizipange chini kwa namba za silinda. Tatu zilikuwa kahawia kama udongo mkavu, safi kabisa, ya silinda ya 3 imelowa oili. Plagi haikuwa na kosa lolote pale, zilikuwa sili za valvu, zile zinazozuia oili isiingie kwenye silinda, zimekauka ngumu kama plastiki. Masizi meusi makavu ningewaza kabureta inamwaga petroli au filta ya hewa imeziba, nyeupe kama chokaa ningewaza petroli haitoshi, injini inachemka ndani.

Wakati wa kufunga subiri injini ipoe, hedi ya 22R ni aluminiamu. Anza kwa vidole mpaka ikae, kisha spana nusu mzunguko na kidogo tu kama ni mpya yenye washa (ile pete ya chuma). Mafundi wanaoanza na spana moja kwa moja wanakata uzi, na uzi ukikatika unaweza kulazimika kushusha hedi.