Historia yetu iliandikwa na maboi

Mwaka 1965, mji wetu wa Lubumbashi, huku Katanga nchini Kongo, ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, maboi, yaani watu waliowapikia Wazungu chakula na kuwafulia nguo kwa miaka mingi, waliamua kuiandika historia yake. Aliyeshika kalamu kwa niaba yao alikuwa André Yav. Kijitabu chao kina jina la Kifaransa, lakini ndani ni Kiswahili, tena kile kile tunachokizungumza katika mitaa yetu ya Kamalondo na Katuba, chenye "batu" mahali pa "watu" na "mu" mahali pa "katika".

Ninaona kuwa ni aibu kwetu kwamba mtoto anaweza kumaliza masomo yake Lubumbashi bila kulisikia jina la Yav. Anafundishwa kwamba kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906 na kwamba mji ulianzishwa mwaka 1910, mambo ambayo ni ya kweli, lakini haambiwi jinsi kampuni hiyo na mabwana wake walivyoonekana na mtu aliyesimama jikoni, aliyehesabu mshahara wake na kuukumbuka ugumu wa kazi. Babu yangu alikuwa boi. Mabwana walizungumza mbele yake kana kwamba hayupo, naye alielewa Kifaransa kuliko walivyodhani. Alifariki kabla sijajua kwamba wenzake walikuwa wameandika.

Najua kinachotuzuia. Katika shule niliyosoma, aliyesema "batu" alisimamishwa mbele ya wenzake ili achekwe, na wengi wetu tulitoka pale tukiamini kwamba lugha ya mama zetu haifai kuwekwa kwenye karatasi. Hata hivyo nyimbo za mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco zilipendwa hadi Nairobi zikiwa katika Kiswahili cha huku huku Katanga. Naye Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi katika picha zaidi ya 100 miaka ya 1973 na 1974, aliieleza picha baada ya picha kwa Kiswahili hicho. Picha hizo zimehifadhiwa Amsterdam.

Maandishi ya Yav hayafuati tahajia ya shule: maneno yameunganishwa pasipotarajiwa na kutenganishwa pengine, na anayeyapitia kwa macho tu hupotea haraka. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeyachapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, aliweza kuyaelewa vizuri kwa sababu Kalundi Mango, msemaji wa lugha hii, aliyasoma kwa sauti, na sauti ikazirudisha sentensi mahali pake. Kazi aliyoifanya Kalundi inaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote wa mtaa wa Ruashi au mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, maana masikio anayo tayari. Ninachowaomba walimu wa historia ni saa moja tu kwa mwaka: wagawe kurasa chache za Yav, wamwache mtoto azisome kwa sauti ya nyumbani kwao, na asisahihishwe.