Simba wa Mara na sumu inayobadili jina

Desemba 2015, simba wa kundi la Marsh kule Maasai Mara walikula mzoga wa ng'ombe uliotiwa dawa ya wadudu. Bibi, simba jike wa miaka 17, alikutwa amelala ubavu, anahema, povu linamtoka mdomoni. Akafa. Sumu yenyewe ilikuwa kabosulfani.

Tukisikia simba kalishwa sumu, tunadhani amelala tu akafa. Sivyo. Neva hupeleka amri kwa kemikali iitwayo asetilikolini, kisha protini ya aina ya kimeng'enya huivunja papo hapo ili amri ikome. Kabosulfani hukikamata kimeng'enya hicho. Amri haikomi tena: misuli inacheza yenyewe chini ya ngozi, mate na machozi yanatiririka, mboni za macho zinasinyaa. Ubongoni seli zinachocheana bila kupumzika hadi degedege linamkamata mnyama. Mwisho anashindwa kupumua. Madaktari wa wanyama wakiwahi na dawa iitwayo atropini, anaweza kupona, maana baada ya saa kadhaa kimeng'enya huanza kujinasua chenyewe. Lakini porini nani atawahi?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka 2009 kampuni ya FMC ya Marekani iliiondoa dawa yake ya wadudu, Furadan, katika soko la Kenya baada ya kelele nyingi kuhusu simba waliouawa kwayo. Sumu iliyomo ndani ya Furadan ni kabofurani. Sasa, kabosulfani ikiingia mwilini hugeuka kuwa kabofurani ileile! Tulifukuza jina, sumu ikarudi na jina jingine. Umoja wa Ulaya ulizikataa zote mbili kwa pamoja, mwaka 2007.

Simlaumu mfugaji peke yake. Ng'ombe aliyeliwa usiku ni ada ya shule iliyopotea, na fidia iliyomo katika sheria ya wanyamapori ya 2013 huchukua muda mrefu mno kumfikia. Alipwe haraka, asaidiwe kujenga boma imara. Ila sumu ya namna hii isiuzwe dukani kama chumvi, na katazo lishike jamii nzima ya kemikali hizi. Mzoga mmoja hauishii kwa simba: fisi wanakuja, mbweha wanakuja, halafu tumbusi wanashuka kwa makumi, na tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu.