Mtafiti wa uhasibu akae wapi: sokoni au kwa mweka hazina?

Hadi miaka ya 1960, profesa wa uhasibu huko Marekani alikuwa mshauri zaidi kuliko mtafiti. Aliandika jinsi hesabu zinavyopaswa kutengenezwa. Mashine iandikwe kwa bei iliyonunuliwa au kwa bei ya leo? Kila mmoja alikuwa na hoja zake, na hapakuwa na kipimo cha kuamua nani kasema kweli. Wengine walifika mahali pa kudai kwamba faida inayotangazwa, kwa vile inachanganya gharama za miaka tofauti, haina maana yoyote: ni sawa na kuwa na meza 27 ukatoa viti 8.

Mwaka 1968 Ray Ball na Philip Brown, Waaustralia waliosomea Chicago, waliligeuza swali. Hawakuuliza faida ikokotolewe vipi. Waliuliza kama wenye hisa wanaijali. Walichukua kampuni 261, wakatazama bei za hisa zake pale faida ilipozidi matarajio na pale ilipopungua. Bei zilielekea kule kule ilikoelekea faida. Kumbe zile meza na viti vilikuwa na maana kwa watu walioweka fedha zao. Ila waliona pia kwamba asilimia 85 hadi 90 ya habari hiyo ilikuwa imeshafika sokoni kabla ya taarifa ya mwaka kutoka.

Naiheshimu njia hiyo kwa sababu inaweza kumwumbua hata anayeitumia: mwingine anachukua takwimu zile zile, anarudia, na jibu likikataa limekataa. Shida ni kwamba inataka soko lenye kampuni nyingi na hisa zinazouzwa kila siku. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na kampuni zake ni takriban 30 tu, baadhi hisa zake zikipitisha siku bila mnunuzi. Bei isiyosogea haikuambii kama kuna aliyesoma taarifa ya fedha.

Mtafiti wetu akikosa bei hukimbilia dodoso. "Udhibiti wa ndani huboresha utendaji wa taasisi": mhasibu achague kati ya "nakubali kabisa" na "sikubali kabisa". Nani atakataa, wakati bosi wake ndiye aliyesaini barua ya kumruhusu mtafiti? Majibu yanaingizwa kwenye programu, yanatoka na desimali nne. Kilichopimwa hapo ni adabu ya mhasibu.

Kundi la pili la watafiti, mbali na hao wa bei za hisa, lilipata nyumba yake mwaka 1976, Anthony Hopwood alipoanzisha jarida la Accounting, Organizations and Society. Kwao hesabu si kioo cha taasisi tu. Namna unavyohesabu hubadili wanachofanya watu, na hilo huwezi kuliona bila kwenda kukaa nao. Nakubaliana nao, lakini msomaji wa utafiti wa aina hiyo analazimika kumwamini mtu mmoja, kuhusu ofisi moja ambayo jina lake limefichwa. Na siri ni kichaka kizuri. James Hunton wa Chuo Kikuu cha Bentley, ambaye wala hakuwa wa kundi hili, alijikinga na ahadi za usiri alipoulizwa takwimu zake. Mwaka 2014 chuo kilihitimisha kwamba alizibuni katika makala mbili, na jumla ya makala zake zilizofutwa zikapita 30.

Kwa Tanzania naona uwanja mwingine, mkubwa kuliko soko la hisa. Halmashauri zetu ni zaidi ya 180. Kila mwaka CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anazikagua, ripoti inakwenda bungeni kisha inawekwa hadharani. Kwa miaka kumi tu ni hesabu zaidi ya 1,800. Mpenda takwimu anataka nini tena?

Ajihadhari tu na hati safi. Hati safi husema hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango na hazina makosa makubwa. Haisemi kama kisima kinatoa maji. Halmashauri inaweza kuipata huku ripoti ile ile imebeba hoja za masurufu (fedha anazotangulizwa mtumishi kwa ajili ya kazi) yasiyorejeshwa na hati za malipo zisizo na viambatisho. Anayeandika 1 kwa hati safi na 0 kwa hati yenye shaka, kisha akakiita kipimo cha utawala bora, amekosea kabla hajawasha kompyuta.

Ajue basi nini kiko ndani ya ile 1. Aende kwa mweka hazina wa halmashauri Agosti na Septemba, hesabu za mwaka ulioishia Juni 30 zikiwa zinafungwa. Akae wiki mbili pembeni ya makabati, aone ni viambatisho gani vinatafutwa, na ni viambatisho gani vinatengenezwa.